Benchi la Jumanne kwa Mama Prof

Mama Prof alikuwa na swali moja la kuumiza watu, na kwa miaka yote niliyomjua sikumsikia akilibadilisha. "Karatasi iko wapi?" Aliwauliza wajane, aliwauliza wachungaji, aliwauliza mabibi harusi wakiwa bado na veli kichwani. Mwishowe aliniuliza mimi, nami sikuwa nayo. Ndiyo maana binti yangu Asifiwe, mwenye miaka minne, analala nyumbani kwake Katoyi na si kwangu, na ndiyo maana naandika habari za mwanamke huyu nikiwa na hasira ambayo sitajisumbua kuificha. Nitasema kweli hata hivyo. Yeye mwenyewe akizisoma ataanza kwa kutafuta makosa.

Alifundisha sheria ya familia, na aliifundisha akiwa upande wa wanawake, wazi kabisa, katika mji ambao maprofesa wenzake walimwita "madame féministe" kwa sauti ile watu wanayotumia kutaja ugonjwa wa jirani. Hakujali. Ni mfupi, mweusi wa kung'aa, na anatembea upesi kwenye mawe yetu ya volkano akiwa na viatu vya kisigino ambavyo vingemvunja mtu mwingine mguu. Kitabu cha sheria alikifunga kwa kipande cha kitenge, kama wengine wanavyofunga Biblia. Sikuwahi kumwona akikifungua. Alikiweka mezani tu, akaweka mkono juu yake, akaanza.

Hakuwahi kupiga kelele darasani. Alikuwa na adabu ya kutisha. Mwaka wetu kulikuwa na kijana mmoja, mtoto wa mtu mkubwa, aliyesimama akasema kwamba mume ni kichwa cha nyumba, kwa hiyo akitaka kuuza nyumba hana haja ya sahihi ya mke. Mama Prof akamshukuru. Akamuuliza jina la mama yake. Akamwomba achukue kalamu amwandikie huyo mama barua fupi, kumjulisha kwamba nyumba imeuzwa na kwamba atoke kabla ya Jumamosi na masufuria yake. Kijana akadhani ni mzaha. Sote tulidhani ni mzaha, mpaka alipomsimamisha aisome mbele ya darasa. Alifika mstari wa tatu akaanza kulia. Mama Prof akamsubiri amalize, akaichukua ile barua, akamsahihishia makosa mawili ya maandishi kwa wino mwekundu, akamrudishia. Kijana yule leo ni hakimu, na nasikia hajawahi kumtoa mjane nyumbani.

Hivyo ndivyo alivyotutengeneza. Tulimwogopa, na tulipenda kumwogopa, ilimradi zamu iwe ya mwingine.

Nilipomaliza masomo akanichukua niwe msaidizi wake, na hapo nikalijua benchi. Kila Jumanne, tangu asubuhi, wanawake walikaa kwenye benchi la mbao lililoegemea ukuta wa mawe nje ya nyumba yake, wakisubiri kuitwa. Walitoka Majengo, walitoka Kibati, wengine walitoka kambi za wakimbizi za Kanyaruchinya kwa miguu, mtoto mgongoni. Hapakuwa na malipo. Palikuwa na foleni, na foleni ilikuwa sheria. Mke wa kanali mmoja alijaribu siku moja kupita mbele, akarudishwa nyuma ya muuza ndizi.

Mimi nilikaa pembeni nikiandika. Kazi yake ilikuwa kuwatetea wanawake hawa, na hakuna mtu niliyemwona akiwatukana kuliko yeye. Namkumbuka mjane mmoja wa Kanyaruchinya, amevaa kitenge kilichopauka, miguu imejaa vumbi jeusi. Shemeji zake walikuwa wamemtoa kwenye kiwanja cha marehemu mumewe.

"Mulikaa naye myaka ngapi?" Mama Prof akamuuliza.

"Makumi mbili, Mama."

"Batoto bangapi?"

"Saba."

"Na karatasi ya ndoa iko wapi?"

Mjane akainamisha kichwa. "Hatukuandikaka, Mama. Alikuwa anasemaka tutaenda."

"Mulizaa batoto saba, mukashindwa kuzaa karatasi moya?"

Nikacheka. Sikukusudia, lakini nilicheka, na sentensi ile niliiandika pembeni ya daftari kwa sababu ilinipendeza. Yule mama aliniangalia mara moja tu, kisha akarudisha macho chini. Nimemfikiria sana mwaka huu.

Sasa sikiliza upande wa pili, maana sitaki kudanganya. Kesi ya mama yule Mama Prof aliibeba mwaka mzima. Alipanda mwenyewe mpaka kijijini kutafuta mashahidi, na viatu vyake vile. Aliwakalisha shemeji mbele ya hakimu akawauliza ni nani aliyekula mbuzi wa mahari, alichinjwa siku gani, nani alipewa kichwa, mpaka mmoja akajisahau akasema kichwa alipewa yeye kama mgeni, yaani alikuwepo mahari ilipotolewa. Ndoa ikathibitishwa. Mjane akarudi kwake. Akaja Jumanne moja na kuku wa shukrani, na Mama Prof akamrudishia. Akamwambia kuku mwenyewe amekonda, akamlishe kwanza, kisha amchinjie watoto. Kulikuwa na wema ndani ya jibu lile, nakubali. Lakini yule mama aliondoka na kuku wake kwapani akiwa ameaibika tena.

Nilimuuliza siku hiyo kwa nini hawezi kusema neno zuri hata mara moja. Alikuwa anakula sambaza wa kukaanga, wale dagaa wa ziwa letu, mmoja mmoja, akisahihisha mitihani bila kuipaka mafuta. "Maneno mazuri bako nayo kanisani," akasema. "Kule banabaambia bavumilie. Huku minataka bakasirike, beende commune." Commune ndiyo ofisi ya serikali inayoandikisha ndoa na watoto.

Ukali huo wa karatasi ulikuwa na asili yake, na mji mzima unaijua. Mumewe alipofariki, siku ya tatu baada ya mazishi, ndugu wa marehemu walikuja kugawana nyumba. Yeye alikuwa na binti mmoja tu, na kwa desturi yao binti si mrithi wa kuhesabiwa. Mama Prof akawapa viti. Akawapa chai. Kisha akawaonyesha meza. Alikuwa ameweka cheti cha ndoa na cheti cha kuzaliwa cha binti chini ya kioo kinene, ili wasome bila kuweza kuchana. Walisoma, wakamaliza chai, wakaenda. Kioo kile kimebaki juu ya meza ile mpaka leo.

Kuhusu mahari, hapo ndipo alipowachekesha watu na kuwaudhi kwa kiasi kile kile. Aliamini kwamba mahari ni bei, na kwamba kitu chenye bei kina mwenyewe. Familia zilimwalika kwenye sherehe kwa heshima, na baadaye zikajuta. Kwetu, upande wa mke huandika orodha ya vitu vinavyotakiwa, na orodha hiyo watu wanaiita facture, yaani ankara ya dukani, bila hata kuona haya. Siku moja, sebuleni kwa watu waliopendeza, Mama Prof akaomba aishike. Akaisoma kwa sauti ya darasani: ng'ombe, mbuzi, suti ya baba, vitenge vya superwax vya mama, taa ya bibi, blanketi la babu. Akaigeuza nyuma, akatafuta. Kisha akamgeukia baba wa bwana harusi.

"Papa, sioni garantie. Akiharibika, munamurudisha kwa nani?"

Bibi harusi alilia. Siyo kwa furaha. Mama Prof alisema machozi yale ni mwanzo mzuri, akala wali wake.

Lakini yeye mwenyewe aliolewa kwa ng'ombe. Alisema jambo hilo linamtia aibu, na alilisema mara nyingi mbele ya wanafunzi. Ila mara moja, katika mkutano, mkuu wa kitivo alimtania kwamba hata madame féministe alitolewa ng'ombe sita. Mama Prof akaweka kalamu chini.

"Munane," akasema.

Ukumbi ulicheka, yeye hakucheka. Na mimi, niliyekuwa nyuma yake na mafaili, nilimwona akinyoosha mgongo.

Binti yule mmoja ndiye Furaha. Sitamweleza Furaha hapa, kwa sababu nikianza sitarudi kwa mama yake. Nitasema tu kwamba alikuwa akinipitishia chai dirishani wakati nikiandika Jumanne, na kwamba tulipendana kwa miaka miwili tukidhani Mama Prof haoni. Alikuwa anaona. Nilipokwenda kumwambia, tayari nimeapa uwakili, alinisikiliza mpaka mwisho akasema, "Furaha si wangu niuze. Muulize mwenyewe." Nikatoka nikiruka. Nilidhani nimepata mama mkwe bora kuliko wote wa Kivu Kaskazini.

Shida ikaja commune. Sheria yetu yenyewe inataka mahari, hata ya alama tu, na ofisa alitaka wazazi wa mke waseme wamepokea kitu. Wajomba zangu wa Rutshuru wakakubali kuleta jembe moja. Jembe moja tu, jipya, limefungwa utepe.

"Hata sindano," akasema Mama Prof.

Wakati huo alikuwa akiandika kitabu cha kutaka kifungu hicho kifutwe, na mimi ndiye niliyekuwa nikipiga chapa. Nilimwelewa. Asingeweza kuweka sahihi kwamba amepokea kitu ambacho anaiambia nchi nzima isipokee. Nilimsihi hata hivyo. Furaha ndiye aliyenikataza. Akasema tutaishi tu, karatasi itakuja kifungu kikifutwa. Tukapanga vyumba viwili Himbi, binti wa bingwa wa karatasi na wakili wake, bila karatasi. Watu walicheka mpaka wakachoka.

Asifiwe alizaliwa juma lile mlima ulipotema moto, katika kituo cha afya njiani kuelekea Sake, tukiwa na godoro kichwani. Hakuna ofisi iliyokuwa wazi. Tuliporudi mjini, muda wa kumwandikisha kawaida ulikuwa unayoyoma, kisha ukapita. Si jambo kubwa. Mtoto wa nje ya ndoa, baba anakwenda mwenyewe mbele ya ofisa na mashahidi wawili, anasema huyu ni wangu, inaandikwa, imekwisha. Kama muda umepita, mahakama inatoa hukumu ya kuziba pengo. Kazi hiyo ndiyo iliyokuwa ikinilisha. Nilikuwa nikiifanyia familia tatu, nne kwa juma. Fomu ya Asifiwe niliijaza kwa mwandiko mzuri kuliko zote, nikaitia kwenye droo, na juu yake zikaja chaja za simu, na bili, na tochi.

Mama Prof aliniuliza mara tatu. Mara ya kwanza siku ya ubatizo, akiwa amembeba mtoto: "Umemuandikisha?" Nikasema juma lijalo. Mara ya pili Jumanne moja, mdomoni ana sambaza. Nikasema juma lijalo. Mara ya tatu alinipigia simu kwa ajili hiyo tu, na mimi nilikuwa barabarani, nikasema, "Mama Prof, si tuko batu ba nyumba moya? Juma ijayo." Akasema sawa. Hakuuliza tena. Nilifikiri amesahau, kana kwamba mwanamke yule aliwahi kusahau kitu.

Mimba ya pili ilimuua Furaha. Presha ilipanda asubuhi, mchana akawa hayupo, na mtoto wa tumboni naye.

Hapa lazima nieleze desturi. Kwetu, ukikaa na mwanamke bila mahari akafia mikononi mwako, watu wake wanaweza kuzuia maiti mpaka ulipe. Ukilipa, umemwoa akiwa kwenye jeneza, unamzika kama mke, na watoto wanakuwa wa ukoo wako. Usipolipa, watoto ni wa kwao. Mama Prof alipigana na desturi hii kuliko zote. Sura nzima ya kitabu chake iliitwa "Maiti Haolewi". Niliipiga chapa mwenyewe. Jina la sura nililipendekeza mimi.

Wajomba zangu wakafika kwenye msiba na mbuzi sita. Walikuja kwa unyenyekevu, kofia mkononi, wakasema wanaomba kumaliza deni la heshima kabla ya Furaha kuzikwa. Mimi nilisimama nyuma yao. Na nitasema kweli, kama nilivyoahidi: nilitaka awachukue. Niliomba kimoyomoyo awachukue. Ningekula kitabu kile kurasa zote mia tatu ili awachukue.

Mama Prof alikuwa amekaa kwenye mkeka, khanga kichwani, macho yamevimba. Akawapita wajomba kwa macho, akanitafuta mimi.

"Assistant. Ile sura ni ya ngapi?"

Watu wote wakageuka. Nikajibu, "Ya tano, Mama Prof."

"Basi rudisha mbuzi."

Tulimzika Furaha huku mbuzi wakilia barabarani. Asifiwe alibaki kwa bibi yake mpaka matanga yaishe, na mimi nikaona ni vizuri, kwa sababu nyumbani nilikuwa silali wala sipiki. Nilisema juma lijalo nitamchukua. Nilipoanza kupata nguvu, vita vikafika, mji ukaingia mikononi mwa watawala wengine, na mahakama ikafunga milango. Kila nilipokwenda Katoyi kumtaka mtoto, msichana wa kazi alinijibu kwenye geti: Mama anapokea Jumanne.

Basi Jumanne moja mwaka huu nilikwenda, nikakaa kwenye benchi.

Walikuwepo wanawake wanane. Kumbe bado wanakuja, mahakama imefungwa hivyo hivyo. Mmoja alinisogezea nafasi bila kuniuliza kitu. Nilikuwa nimevaa suti na tai, na mkononi nilikuwa na mfuko wa nailoni wenye sandali za Asifiwe, nyekundu, nilizozinunua kwa kukisia kipimo. Nilisubiri kwa muda wa saa tatu na nusu. Hakuna mtu aliyecheka, na hilo lilinichoma zaidi.

Mama Prof amezeeka. Shingo imekuwa nyembamba. Alinionyesha kiti kile cha wateja, si kile cha msaidizi, akanimiminia chai.

"Maître," akasema, kama mgeni anavyomwita wakili yeyote. "Nikusaidie nini?"

"Nimekuja kumuchukua mutoto wangu, Mama Prof."

"Karatasi iko wapi?"

Nilikuwa nimelitarajia swali, na bado lilinipata. Nikasema, "Unajua mimi njo baba yake."

"Minajua. Ana pua yako, maskini. Sikusema hauko baba. Minasema hauko kwenye karatasi." Akasogeza kikombe chake pembeni, ili nione meza.

Chini ya kioo, pale palipokuwa na cheti chake cha ndoa, palikuwa na hukumu. Niliisoma nikiwa nimeinama, mikono magotini, kama walivyosoma shemeji zake. Sheria yetu inasema kila mtoto lazima awe na baba. Alitukaririsha neno hilo mwaka wa pili, darasa zima kwa pamoja. Na pale ambapo baba hayupo kwenye maandishi, mahakama inamchagulia mtoto baba wa kisheria kutoka ukoo wa mama. Wiki tano baada ya mazishi, kabla milango haijafungwa, mahakama ilimpa Asifiwe baba: kaka yake Mama Prof, muuza makaa wa Kibati, mzee mwenye meno mawili. Sahihi, muhuri, tarehe, kila kitu mahali pake. Nilitafuta kosa. Miaka yote ile nikiwa msaidizi wake nilikuwa natafuta makosa kwenye hukumu za watu, na hii haikuwa nalo.

"Mahakama ikifunguliwa nitapinga," nikasema.

"Utapinga. Na utashinda pengine. Minakuombea ifunguliwe." Hakuwa anadhihaki. Hiyo ndiyo sauti aliyotumia akimpa mwanafunzi sifuri.

Nikamuuliza kwa nini. Nilimuuliza vibaya, sauti imepasuka, kama mtu wa mitaani. Akashika kitabu chake kwenye kile kitenge.

"Niko na huyu tu," akasema. "Furaha nilikuachia bila kuomba hata sindano. Mutoto, nilikuulizaka mara tatu. Kumuandikisha ni asubuhi moya." Akaelekeza kidevu dirishani, kwenye benchi. "Bale bamama habajui kusoma, na minabatukana juu hawana karatasi. Weye uliketi hapa, unaandika, unacheka. Weye nikufanyie nini?"

Namchukia, na asubuhi ile moja sikuitafuta.

Akaita ndani. Asifiwe akaja anakimbia, amerefuka, nywele zimesukwa vizuri kuliko nilivyowahi kumsukia. Alipokaribia akapunguza mwendo. Akamwangalia bibi yake kwanza, kisha mimi. Nilifungua mikono. Sandali zikaanguka.

"Salimia mugeni," akasema Mama Prof.

Mtoto akanyoosha mkono wa kulia, wa kushoto umeshika kiwiko, kama anavyofundishwa mtoto mwenye adabu.

"Bonjour, Maître."

Nikaupokea ule mkono. Nikamjibu, "Bonjour, mutoto," kwa sababu Mama Prof alikuwa anasikiliza, na Jumanne ijayo nataka nifunguliwe geti tena. Kisha nikatoka kumpisha mama aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni.